Zunguka Kwanza Ndipo Ukae

Ninyi vijana mnaopita kando ya nyumba yangu hapa Malaba asubuhi mkikimbia na nguo za kubana, mkiniona nimeegemea ukuta wa jikoni kwa mikono miwili, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, msikimbilie kuita watu. Siumwi. Mwezi uliopita mmoja wenu, Mungu ambariki, aliruka ua langu, akanikamata kiunoni akipiga kelele kwamba mzee anaanguka, na kwa kuniokoa kwake karibu aniangushe kweli. Nilikuwa nanyoosha mashavu ya miguu. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu miaka ya sabini, na ukuta bado umesimama.

Nimeona afadhali niwaeleze, kwa sababu na mimi nawaona. Mnatoka kitandani na tongotongo machoni, mnaanza mbio pale pale mlangoni kama mnafukuzwa na askari wa kanjo. Mkimaliza mnajitupa kwenye nyasi na simu mkononi. Nawatazama hapa nilipo na magoti yananiuma kwa niaba yenu.

Mimi ni Wandera, mzaliwa wa Sigalame. Kazi yangu ilikuwa kubeba watu kwa baiskeli hapa mpakani. Nasema baiskeli, siyo pikipiki. Ile nyeusi ya chuma, nzito hata ikiwa tupu, na kiti cha sponji kimefungwa kwenye keria kwa raba za tairi. Abiria aligongewa mhuri upande wa Kenya, kisha akabaki na mwendo wa kumchosha mtu mwenye mzigo, kuvuka daraja, hadi kizuizi cha Uganda. Hapo katikati ndipo tulipokula. Miaka ile chumvi na sabuni zilikuwa adimu upande wa pili, kwa hiyo mtu hakupanda mikono mitupu. Ukiwa na mama mzima nyuma yako, na gunia lake, na barabara ya udongo wa marram inapanda, unafanya mazoezi hata kama huna habari.

Baiskeli yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba wangu wa Sigalame, mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache. Aliponiazima alisema, "Pamba ikifunguka, hiyo kitu irudi hapa." Sikuhitaji tafsiri. Pamba ikifunguka, baiskeli itarudi kubeba magunia, na mimi nitarudi nayo kuyajaza. Nilikuwa na msimu mmoja tu wa kutafuta baiskeli yangu mwenyewe, la sivyo kazi ya mpakani imeisha na mimi ni mchuma pamba tena. Na jamani, nilichukia kuchuma pamba kutoka moyoni.

Siku yangu ya kwanza nilifika steji, pale tulipongojea abiria, alfajiri, baridi ya mto inauma masikio, nimejikunja kwenye koti. Abiria wa kwanza alikuwa msichana mmoja aliyeitwa Nabwire, mchuuzi wa chumvi, na gunia lake lilikuwa na uzito kumshinda. Sikutaka wenzangu waone nasita. Nilivua koti, nikainama, nikalibeba lile gunia kwa mgongo uliolala usiku kucha, nikalirusha kwenye keria, nikampandisha Nabwire juu yake, nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote.

Tulifika katikati ya daraja. Hapo kitu kilinishika kiunoni, kikashika sana, nikawa sipandi wala sishuki. Nilijikuta nimesimama nimepinda kama mtu anayetafuta sindano, natazama viatu vyangu.

"Kaka, umeangusha nini?" Nabwire akauliza.

"Hakuna."

"Sasa unaangalia nini?"

"Dada, nisaidie. Mgongo imekataa."

Nabwire alishuka. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Wenye baiskeli wengine walikuwa wanatupita wanacheka. Akaona chumvi yake inachelewa soko, basi akanisukuma kando, akanikalisha kwenye keria juu ya gunia, nimepinda vile vile, akashika usukani akaanza kukokota baiskeli kwa miguu. Hivyo ndivyo nilivyoingia Uganda mara yangu ya kwanza: abiria ananisukuma mimi. Askari wa upande ule alitaka kuona uso wangu. Aliniambia kwa adabu ya Kiganda, "Ssebo, bwana, inua kichwa." Nikamwambia kichwa hakiinuki. Alilazimika kuchuchumaa ili anione, na alipoinuka alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Aliponirudisha upande wetu, Nabwire alinishusha steji mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akizungusha magoti yake kando ya baiskeli kuukuu. "Papa," akamwambia, kwani Wateso humwita hivyo mtu wa umri wa baba, "nimekuletea hii mtu yenu. Imekwisha."

Huyo mzee alikuwa Omuse wa Adungosi. Maisha yake yote kabla ya baiskeli alikuwa mtu wa plau, analima mashamba ya watu kwa ng'ombe. Ugonjwa ulipomaliza ng'ombe wake alinunua baiskeli akaja mpakani, lakini aliendelea kufikiri kwa ng'ombe. Alinizunguka kama mtu aliye mnadani. Akanibonyeza kiuno kwa kidole gumba.

"Umeamka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, papa."

"Na mzigo ya kwanza ikawa gunia ya chumvi na mtu juu?"

"Ndiyo, papa."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Wewe ni kama Diwani," akasema. "Diwani kabisa."

Tangu siku hiyo steji yote iliniita Diwani. Mimi nikaona nimepewa heshima, kwamba huenda nina sura ya uongozi, hata nikaanza kutembea nimeweka mikono nyuma. Ilipita mwezi mzima kabla sijajua kwamba Diwani alikuwa ng'ombe. Omuse aliniambia mwenyewe bila hata kutabasamu. Alikuwa dume lenye nguvu kuliko wote, lakini lilipofungwa nira lilivuta kwa fujo tangu hatua ya kwanza, udongo mgumu, mwili baridi, na asubuhi moja likakatika msuli wa paja. Likaliwa siku ya Krismasi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Omuse alituambia kwamba ng'ombe wa plau hapelekwi kwenye udongo mgumu asubuhi. Kwanza anatembezwa kutoka bomani hadi shambani, polepole, bila plau. Kisha anafungwa plau na laini mbili tatu za mwanzo zinachimbwa juu juu tu, hata kama mwenye shamba analalamika. Akishaanza kutoa jasho shingoni, hapo unaweza kumzamisha. Na sisi alitufanyia vile vile. Ukifika steji hukai ukingojea abiria kwenye baridi. Unakokota baiskeli kwa miguu hadi kizuizini na kurudi. Unazungusha vifundo vya miguu, magoti, nyonga, mabega, kila kiungo kwa zamu, bila haraka. Unachuchumaa nusu na kuinuka mara kumi hivi. Unapanda baiskeli tupu unazunguka nayo kwa pedali nyepesi hadi uone unataka kuvua koti. Yeye alipima kwa koti. Asiyevua koti hakuruhusiwa kubeba mtu, na abiria wa kwanza alipaswa kuwa mwembamba. Akina mama wenye miili yao walishaambiwa wasije steji kabla jua halijapanda kidogo, na wengine walinuna wiki nzima.

Nikafuata, kwa sababu mgongo ulikuwa umenifunza adabu. Lakini ujana ni ujana. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa akipita steji kwenda nyumbani. Alituona na Omuse tunazungusha magoti, akacheka. "Hiyo ni ya wazee," akasema. "Mazoezi ya kisasa ni kuruka. Inama ushike vidole, ruka ruka, lazimisha, moja mbili, moja mbili!" Siku iliyofuata mimi nikataka kuonekana wa kisasa. Nilifika, mwili bado baridi, nikainama mbele ya abiria sita, katekista wa kanisa letu akiwemo, nikaanza kudunda. Moja. Mbili. Ya tatu nikasikia sauti mbili kwa pamoja. Moja ilitoka kwenye msuli wa nyuma ya paja. Nyingine ilitoka kwenye suruali, kutoka mkanda hadi karibu na goti.

Katekista aligeuka akatazama mto. Nabwire, ambaye siku hizo alikuwa abiria wangu wa kila siku, hakugeuka. Alisema, "Leo naona nitatembea tu," akajitwika gunia lake akaondoka, na mabega yake yalikuwa yakitikisika njia nzima. Nilichechemea wiki tatu. Mjukuu wangu wa kike ambaye sasa amesomea mambo ya viungo chuoni ananiambia hata walimu wenyewe waliacha kufundisha hivyo: msuli baridi haudundishwi. Kwanza upashe joto kwa mwendo mwepesi, na kule kunyoosha kwa kutulia, unavuta taratibu hadi usikie msuli umekazwa lakini hauumi, unashikilia ukihesabu hadi ishirini au thelathini bila kubana pumzi, hiyo mahali pake pazuri ni baada ya kazi. Nikamwuliza ameyajulia wapi. Akasema, "Kwa vitabu, Kuka," maana ndivyo sisi Wasamia tumwitavyo babu. Nikamwambia mimi nimeyajulia kwa suruali.

Hiyo ya baada ya kazi ndiyo iliyonigharimu, na sasa naifikia.

Omuse alikuwa na nusu mbili za mafundisho. Ya asubuhi mmeshaisikia. Ya jioni ilikuwa hivi: ng'ombe akitoka kwenye plau hafunguliwi akajilaza pale pale, wala hapewi maji hadi tumbo lijae. Anatembezwa kwanza mpaka pumzi irudi. Basi kila jioni Omuse alishuka kwenye baiskeli, akaizunguka steji mara tatu kwa miguu akiikokota, polepole, akipumua kupitia pua. Alikunywa maji kidogo kidogo. Akavua shati lililolowa jasho akavaa kavu. Kisha akasukuma ukuta wa duka, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, halafu mguu wa pili. Ndipo akakaa.

Sisi vijana hatukumfuata. Tatizo lilikuwa ajono. Ajono ni pombe ya wimbi, yaani ulezi, ya Wateso. Mnakaa kwenye vigoda vifupi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mama mwenye chungu anaongeza maji ya moto kila inapopungua. Ule utamu wa kwanza ni wa waliofika kwanza. Nani angezunguka steji mara tatu huku wenzake wanavuta? Tulishuka kwenye baiskeli na kuangukia vigoda, joto la kazi bado linafuka mgongoni. Usiku tulilia na misuli, asubuhi tukasema ni mbu.

Pamba ya Sigalame ilianza kupasuka. Mjomba alituma ujumbe kwa mtu wa kwanza, kisha kwa mtu wa pili. Wa tatu alisema mjomba atakuja mwenyewe. Ni wakati huo chifu alipotangaza kwamba siku ya sikukuu kutakuwa na mashindano ya wabeba watu kwa baiskeli, kutoka Adungosi hadi uwanja wa Malaba, kila mmoja na abiria mtu mzima kwenye keria, na kwamba wafanyabiashara wa soko wametoa zawadi. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya. Niliiona kwa macho yangu imesimamishwa dukani, bado ina makaratasi kwenye vyuma. Nilipita pale kila siku kuitazama hadi mwenye duka akaniuliza kama nimeipoteza mimi.

Wengine walitafuta abiria wembamba kama mirija. Mimi nilimwendea Nabwire.

"Nikubebe siku ya mashindano."

Aliniangalia sana. "Utanibeba, ama nitakubeba?"

"Nitakubeba. Nikishinda ile baiskeli nabaki Malaba. Nikikosa narudi kuchuma pamba, na hutaniona tena."

Akafunga gunia lake fundo la pili ambalo halikuhitajika. "Sawa," akasema. "Lakini usinisukumishe tena baiskeli mbele ya watu."

Omuse naye alijiandikisha, tukashangaa, na tukashangaa zaidi alipokuja na mkewe, toto Atyang, maana kwa Kiteso toto ni mama, mwanamke aliyejaza keria na pembeni kukabaki mengi. Tulimwuliza kwa nini asitafute mtu mwepesi. Akasema, "Huyu amezoea mgongo yangu. Hatikisiki." Toto Atyang akatutazama mmoja mmoja hadi tukanyamaza.

Siku yenyewe nilifanya nusu ya kwanza kama nilivyofundishwa. Nilikokota, nikazungusha, nikachuchumaa, nikapanda tupu hadi nikavua shati la juu. Wale wasiojali walitoka kwa kishindo na nikawapita mmoja mmoja kwenye mwinuko wa kwanza, wameshika mbavu, abiria wao wakiwatukana. Kufika katikati ya safari mbele yangu hakukuwa na mtu. Nabwire alikuwa akinihesabia pumzi nyuma ya sikio. Nilisikia tu mnyororo mmoja nyuma yetu, ukilia vile vile, haukimbii wala hauchoki. Ni Omuse na mkewe. Mwendo wa mwisho nilikanyaga hadi macho yakaona manjano, nikaingia uwanjani wa kwanza. Watu walipiga vigelegele. Nabwire aliruka akanipiga mgongoni ngumi ambayo hadi leo naikumbuka kwa furaha. Omuse aliingia wa pili.

Sasa ningefanya nini? Nusu ya pili. Zunguka, pumua, kunywa kidogo, nyoosha. Lakini mimi ni mshindi! Kando ya uwanja kulikuwa na vyungu vya ajono, na vijana wa steji walikuwa wameniwekea kigoda na mrija wa kwanza. "Diwani! Diwani, kaa!" Nilishuka kwenye baiskeli nikakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yangu yalikuwa karibu na masikio. Nilibugia jagi zima la maji baridi, nikavuta ajono mara mbili, mbili tu, naapa. Upepo ukaanza kukausha jasho mgongoni. Nikasikia raha sana.

Omuse alikuwa akizunguka uwanja. Anakokota baiskeli yake, mkewe kando yake amebeba viatu mkononi, wanatembea kama watu wanaotoka kanisani. Alipopita kwetu aliniambia, "Diwani, inuka utembee."

"Baadaye, papa. Napumzika."

Akaendelea na mzunguko wake. Vijana wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Hotuba zikaanza. Chifu alisema. Mgeni akasema. Mchungaji akaombea mvua, mipaka, na waliosafiri. Mimi bado nimekaa. Mwishowe nikasikia jina langu, na chifu akasema mshindi aje apande baiskeli yake mpya, azunguke nayo uwanja mbele ya wageni.

Nikataka kuinuka. Shavu la mguu wa kulia likajikunja likawa jiwe. Nikaegemea mguu wa kushoto, nao ukafanya vile vile. Mapaja yakafuata. Nilitafuta kitu cha kushika, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa chungu. Nikakikumbatia, kikalala, na ajono yote, asante Mungu ilikuwa imeshapoa kidogo, ikanimwagikia kuanzia kifuani hadi miguuni. Nilianguka ubavu na magoti yangu yamekunjwa vile vile, bado nimekaa, ila kigoda hakipo.

Uwanja wote ukapasuka kwa kicheko. Nabwire alikuja mbio. Aliniinua, akaniburuta hadi mbele ya chifu, akajaribu kunikalisha kwenye siti ya ile baiskeli mpya. Miguu haikunyooka. Niliangukia upande wa pili.

"Huyu amelewa," chifu akasema.

"Hajalewa, chifu!" Nabwire alikuwa karibu kulia. "Ni misuli! Ameshikwa na misuli tu!"

Chifu akainama, akanusa. "Hiyo misuli inanuka wimbi." Akajinyoosha, akawageukia wageni. "Serikali haiwezi kupatia mlevi baiskeli aende agonge watoto. Namba mbili ni nani?"

Namba mbili alikuwa amemaliza mzunguko wake wa tatu. Alikuwa amebadilisha shati. Aliegemeza baiskeli yake kuukuu, akaipanda ile mpya bila kishindo, akazunguka uwanja wima, na toto Atyang akapiga kigelegele kimoja kikubwa. Mimi nilikuwa chini, shavu langu kwenye nyasi, nikiangalia magurudumu yakipita. Nililia. Siyo kwa maumivu ya misuli, ingawa nayo yalikuwepo. Nililia kwa sababu niliiona pamba.

Omuse alipomaliza hakuja kunicheka wala kunipa pole. Alipiga magoti, akashika vidole vya mguu wangu, akavivuta taratibu kuelekea kwangu huku ameshikilia goti. "Usipigane nayo," akasema. "Pumua." Ule mkazo ukalegea kidogo kidogo, kisha akaenda mguu wa pili. Akaniinua. Akanishika kiwiko upande mmoja, Nabwire upande wa pili, tukaanza kutembea. Mzunguko wa kwanza niliutembea nimechuchumaa kama bata, watoto wanatufuata. Wa pili nikawa nusu mtu. Wa tatu nilikuwa wima, na wageni walishaondoka, na kwenye uwanja tulibaki sisi na toto Atyang aliyekaa juu ya meza ya chifu akipunga hewa.

Sasa najua mnachofikiri. Mnafikiri alinipa ile baiskeli mpya. Omuse hakuwa malaika. Aliipenda sana, na makaratasi yake hakuyatoa mwaka mzima. Lakini alikwenda pale alipoegemeza ile kuukuu, akanikabidhi usukani.

"Hii chukua. Ufanyie kazi."

Niliushika kwa mikono miwili.

"Lakini si bure," akaendelea. "Kila siku ukimaliza kazi, utazunguka mara tatu ndio ukae. Mimi nitakuwa naangalia. Siku nitakuona umekaa kabla ya kuzunguka, nakuja kuchukua baiskeli yangu."

Mjomba alipokuja alipata baiskeli yake imeoshwa, akaenda nayo kwa pamba yake peke yake. Mimi nilibaki Malaba. Jioni ya kesho yake nilizunguka steji mara tatu huku wenzangu wanavuta ajono na kunizomea. Baada ya mwezi tulikuwa wanne tunaozunguka. Baada ya mwaka mama mwenye chungu alikuwa hamwagi maji ya moto hadi watu wamemaliza kuzunguka. Na Nabwire alikubali kuolewa na mimi, kwa sharti kwamba nisije nikainama ghafla mbele ya katekista siku ya harusi.

Kwa hiyo mkinisikia nawapigia kelele kutoka ukutani, msiseme mzee ana wivu. Anzeni polepole, hadi mtamani kuvua koti. Maumivu ya kuchoma yakija, acheni. Yakija kifuani, acheni na mwende kwa daktari siku hiyo hiyo, msiseme ni mbu. Mkimaliza msijitupe chini. Tembeeni kwanza. Maji kidogo kidogo. Nguo kavu. Nyoosheni misuli ikiwa bado na joto. Ni vitu vidogo, na vinachukua muda mfupi kuliko hotuba ya chifu.

Omuse aliishi hadi akazeeka sana. Alipofariki tulipata habari asubuhi, na vijana wa pikipiki wakataka kunipeleka Adungosi bure. Nilikataa. Niliitoa ile baiskeli yake, nikazungusha magoti kama alivyonifundisha, nikampandisha Nabwire kwenye keria, tukaenda polepole, wazee wawili. Tulipofika jasho lilikuwa linanitoka na miguu inatetemeka. Watu wa matanga walinipisha, wakaniletea kiti cha plastiki, wakasema, "Mzee Wandera, umetoka mbali, kaa."

Sikukaa. Nilianza kukokota baiskeli kuzunguka boma lake. Kwenye mzunguko wa kwanza nilisikia mtu akisema labda ni mila ya Wasamia. Kwenye wa pili waimbaji walinyamaza wakanitazama. Kwenye wa tatu nilikuwa silioni vizuri boma lenyewe kwa machozi, na Nabwire alikuja akanishika kiwiko, akanielekeza kwenye kile kiti kilichokuwa karibu na jeneza.

"Haya," akaninong'oneza. "Sasa kaa. Ameshaona."